Tano ya Mume, Saba ya Mgeni

Kwanza ulisikika mkasi. Krrch, krrch, ukiula mpira mnene kwa taabu, kama meno ya mzee kwenye muwa. Kisha kikasikika kicheko cha mwanamume. Kikafuata cha mwanamke, na hicho cha pili Jabali alikijua vizuri, maana ndicho kilichomtoa ukapera.

Alisimama nje ya mlango wa nyumba yake, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, akasikiliza. Mtu mwenye akili zake hasikilizi mlangoni pake mwenyewe, anaingia. Lakini miguu ilimgomea. Aliposikia wanacheka tena, akausukuma mlango kwa bega.

Chumba cha mbele kilinuka gundi. Mabunda ya mpira mweusi yalisimama kwenye kona, mengine membamba, mengine manene, na juu ya meza ndefu kulikuwa na chaki, nyembe na cherehani kubwa ya kushonea suti za kuzamia. Katikati ya chumba alisimama mwanamume mrefu, mwembamba, amevaa bukta tu, mikono ameinyoosha kama sanamu ya kutishia ndege. Mke wa Jabali alikuwa amemzungushia utepe kifuani.

"Usivute pumzi," alikuwa akimwambia. "Ukijijaza upepo nitakukatia suti ya mtu mwingine."

"Shemeji, nikiachia pumzi kifua chenyewe hakionekani." Yule mrefu akageuza shingo. "Aa, kaka huyu hapa! Kaka, niokoe. Shemeji kanigeuza ng'ombe wa mnadani."

"Shemeji gani?" Jabali alisema. "Mimi na wewe tumenyonya ziwa moja?"

"Jamani," mkewe akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye utepe. "Salamu kwanza, ugomvi baadaye."

Yule mrefu alikuwa mzamiaji mpya. Pale bwawani walimpachika jina la Maji Moto siku ile ile aliyofika, kwa sababu alikotoka watu huzamia na kaptula na kurudi juu wanatoka jasho. Maji baridi hakuwahi kuyaingia. Bwawa lenyewe lilikuwa juu milimani, likikusanya maji ya mji mzima, na maji yake hata msimu wa jua kali yakikugusa utosi yanauma kama jino bovu. Kazi ya wazamiaji ilikuwa kusafisha nyavu za chuma zinazoziba midomo ya mabomba, zisizibwe na magogo na matope. Mwaka huo mvua zilikuwa haba, bwawa likapungua, mdomo wa juu ukakaribia kubaki nchi kavu. Ikabidi ufunguliwe mdomo wa chini, ule ambao haukuguswa tangu bwawa lijengwe, kule kwenye kina na kiza. Wawili wangeshuka: Jabali na msumeno, Maji Moto na taa.

Mke wa Jabali alikwenda kwenye kona, akapapasa mabunda, akashika lililo nene.

"Saba," alisema. "Milimita saba. Wewe utavaa saba."

"Na kaka?"

"Tano, kama siku zote."

Alisema hivyo kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Lakini Jabali aliyasikia kama hukumu. Tano yeye. Saba huyu. Mume apewe chembamba, mgeni avikwe kinene. Akatazama mkono wa mkewe ukichora chaki kwenye mpira, taratibu, kwa uangalifu ule ule, akahisi kitu kinampanda rohoni. Watu hukiita kijiba cha roho. Kijiba! Jina dogo kwa kitu kikubwa namna ile.

Na alikuwa na sababu. Utepe ule aliujua. Yeye mwenyewe aliingia chumba kama kile, kabla hajawa mume wa mtu, amekuja kupimwa suti. Yule binti fundi alipomzungushia utepe kifuani na kumwambia asivute pumzi, pumzi ilikwisha yenyewe. Alirudi tena kudai mabega yanabana. Akarudi kudai magoti yanalegea. Suti ilikuwa inamkaa sawasawa. Aliyekuwa hakai sawasawa ni yeye. Basi mtu aliyeingia nyumbani kwa mlango ule atawezaje kulala, akijua mlango bado uko wazi?

Jioni mkewe aliandaa chakula, akakaa. Jabali aliitazama sahani kama imemtukana.

"Mbona huli?"

"Nimeshiba."

"Umekula wapi?"

"Nimeshiba saba. Mume tano, mgeni saba. Inashibisha, sivyo?"

Mkewe akaweka kijiko chini. Alikuwa mwanamke mpole wa mikono, lakini ulimi wake ulinolewa pamoja na mikasi yake. "Unaniuliza au unanishitaki?"

"Nauliza."

"Ukiuliza utajibiwa. Ukishitaki, tafuta hakimu. Kule chini kazi yako nini?"

"Msumeno."

"Na yake?"

"Taa."

"Anayekata magogo anachemka mwenyewe. Anayesimama kushika taa anaganda. Na wewe nikikuvika saba, mabega yako haya utaupandishaje msumeno? Hayo si maneno yangu, ni yako. Nimekusikia ukiwafundisha wageni hapa hapa, kwenye meza hii."

Ilikuwa kweli. Jabali ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni. Huchukua kipande cha sifongo, akakilowesha, akawaambia: suti haizuii maji, inayaalika. Yanaingia kidogo, yanakaa kati ya ngozi na mpira, mwili unayapasha moto, na hayo ndiyo blanketi lako. Lakini sharti suti ikukamate kama ngozi. Ikilegea, kila ukijikunja maji yaliyopata moto yanakimbia na baridi inaingia kuchukua nafasi. Afadhali nyembamba ya kwako kuliko nene ya jirani. Kisha alikibonyeza kile kipande cha sifongo kwa kidole hadi kikawa kama karatasi, akasema: na kina kirefu ndivyo kinavyoufanya mpira wako, kwa hiyo usijivunie unene uliouona juu.

Yote hayo aliyajua. Wivu hauondoi elimu kichwani. Huigeuzia uso ukutani tu.

"Nilifundisha," alisema, "kabla nyumba hii haijawa ukumbi wa vichekesho."

"Ala! Nisicheke na wateja? Nikiwapima nilie?"

"Mcheke. Mcheke mpaka mng'oke meno."

Mkewe akainuka. Akarudi na kitu cheusi kilichokunjwa vizuri, akakiweka mapajani mwake. Kilikuwa kizibao cha mpira, hakina mikono, kina kofia yake.

"Kwa sababu safari hii mnakwenda chini zaidi, nimekushonea hiki. Unavaa tano yako, hiki juu yake. Kifua na mgongo joto maradufu, mikono huru. Nimekikata bila kukupima. Sina haja ya kukupima wewe."

Hapo ndipo mume mwenye bahati angenyamaza na kushukuru. Jabali alikigeuza kizibao, akaubana mpira kwa vidole viwili.

"Huu mpira ni wa saba."

"Ndiyo."

"Umebaki kwenye suti yake."

"Bunda ni moja. Umebaki, ndiyo."

"Makombo," Jabali alisema. "Yeye kala, mimi nimeletewa makombo."

Akakitupa chini ya kiti. Mkewe hakukiokota. Alikusanya sahani, akaenda jikoni, na kwa jioni yote iliyobaki kilichozungumza ni vyombo, navyo vilizungumza kwa ukali.

*

Kibanda cha wazamiaji kilikuwa ukingoni mwa bwawa, ukuta wake umepigiliwa misumari mirefu. Kila msumari ulibeba suti moja na mkanda wake wa vipande vya risasi, vile vizito vya kumzamisha mtu, maana mpira huelea na mnene huelea zaidi. Msimamizi wao, mzee aliyeshika kamba za wazamiaji tangu ana nywele nyeusi na ambaye wote walimwita Mzee Kamba, alikuwa na sheria moja aliyoirudia hadi ikawa kama sala: suti na mkanda ni mume na mke, hawatenganishwi. Kila jozi aliipima mwenyewe majini. Suti ya mtu haikuvaliwa na mtu mwingine, hata kwa utani.

Asubuhi ile, kati ya wazamiaji, Jabali alifika wa kwanza. Suti mpya Mzee Kamba alikuwa amekwisha kuipokea, kuipima majini na kuitundika na mkanda wake, nyeusi, inang'aa, mishono yake imekwenda kama mstari wa siafu. Aliipapasa. Hakuna mshono kwenye suti yake uliokuwa mzuri namna ile, alijiambia, ingawa mishono yote ilitoka kwa mkono mmoja.

Maji Moto aliingia akipuliza viganja. "Kaka, nje kule kuna baridi kabla hata ya maji. Sijui nimefuata nini huku."

"Umefuata nini, hilo ndilo swali."

"Eeh?"

"Sikiliza. Fundi kabadilisha. Mimi navaa saba, wewe tano."

Maji Moto alitazama ukuta, akatazama urefu wake mwenyewe. "Lakini shemeji si alinipima mimi?"

"Kabadilisha asubuhi hii. Wewe ndiye unayejua maji haya au mimi?"

"Wewe, kaka."

"Basi."

Akasema "wewe, kaka" kwa moyo mweupe, na moyo ule mweupe ulimkera Jabali kuliko tusi. Wakavaa, kila suti na mkanda wake. Saba ilimkataa Jabali kuanzia magotini; aliivuta kwa nguvu, akasikia uzi ukilia begani. Kifuani ilimkaba, mgongoni ikabaki na mkunjo mkubwa kama mfuko, maana mwenye suti alikuwa mrefu. Na tano ya Jabali kwa Maji Moto ilikuwa kichekesho: vifundo vya miguu nje, viganja nje, kifuani inapwaya kama gunia kwenye mti.

Mzee Kamba alikuwa kwenye jukwaa la kuelea, akipanga kamba zake. Alipowaona akaacha kazi.

"Nini hiki? Nguo ya kuazima haisitiri matako, nyinyi hamjasikia?"

"Fundi kabadilisha," Jabali alisema.

"Mkeo?"

"Fundi mwingine yupi?"

Mzee Kamba alikuna kidevu. Pale bwawani, kwa mambo ya maji mzee alikuwa mwisho, lakini kwa mambo ya mpira neno la yule mwanamke lilikuwa mwisho. Hajawahi kukosea. Wanaume walikuwa wakishuka kizani wakiwa wamevaa neno lake. "Mimi macho yangu hayakubali," mzee alisema. "Lakini kama kasema yeye… Basi. Kamba ikivutwa mara nyingi mfululizo, nawatoa, sina mjadala."

Wakashuka.

Juu, maji yalikuwa ya kijani na baridi ya kawaida. Kisha wakavuka ule mpaka unaojulikana na wazamiaji wote wa bwawa lile, ambapo maji hubadilika ghafla kama umevuka kizingiti na kuingia nyumba isiyo na watu. Mwanga ukabaki nyuma. Jabali alihisi suti ikimsinyaa mwilini. Saba aliyoipigania ilikuwa inakuwa nne, tatu, na ile risasi nyingi iliyowekwa kuuzamisha mpira mnene sasa haikuwa na cha kuzamisha ila yeye. Akatua matopeni kwa magoti.

Mdomo wa bomba ulikuwa umezibwa na magogo yaliyoshikana kama vidole. Maji Moto akasimama kwenye ukingo wa zege, akaelekeza taa. Jabali akainua msumeno.

Akainua, nasema, lakini mkono ulifika nusu. Mpira ulimshika begani kama askari. Kila alipousukuma msumeno, kifua kilikosa nafasi ya pumzi. Kila alipouvuta, ule mfuko wa mgongoni ulifunguka na kumeza maji, ukafunga na kuyatema. Baridi ilikuwa inampigia mgongoni pampu. Gogo la kwanza, ambalo siku nyingine angelimaliza huku anawaza chakula, lilimchukua nguvu zote. Akalivuta, likaelea juu kizani. La pili likamsubiri.

Ndipo alipoona taa inatetemeka.

Duara la mwanga kwenye chuma lilikuwa likicheza, dogo dogo, haraka haraka. Jabali akageuka, akaona kivuli kirefu cha mwenzake, amejikunja, kiwiko kimebana mbavu. Na jambo lililompata hapo ni hili: alifurahi. Furaha ilimwingia, ya moto, ya kwanza tangu jana. Tetemeka, alisema moyoni. Tetemeka vizuri. Leo umevaa alichopewa mume, uone kama ni mapenzi au ni mpira. Akarudi kwenye gogo lake, akakata kwa mwanga unaocheza, na kila mtetemo ulimpa nguvu kama ngoma.

Alikata, akakata. Gogo lilipokaribia kukatika, mwanga ukatulia.

Ukatulia kabisa. Jabali akachukia: kumbe amezoea. Akasukuma msumeno mara moja zaidi, kisha mkono ukasimama wenyewe. Maana lile somo alilokuwa akiwafundisha wageni lilikuwa na sehemu ya mwisho, ile anayoisema wakiwa wamekwisha kucheka na kuchoka, akiwa ameshika glavu zao mlangoni: mwenzako akitetemeka usiogope, mwili unapigana. Ogopa akiacha.

Mwanga ukaanza kushuka. Ukaacha magogo, ukaacha chuma, ukapita kwenye matope na kubaki hapo, ukimulika pasipo na kitu.

Jabali aliutupa msumeno. Alijaribu kuogelea, risasi ikamkatalia. Akatembea kwa magoti matopeni, akapanda ukingo kwa viwiko. Maji Moto alikuwa ameketi. Nyuma ya kioo cha barakoa macho yalikuwa wazi, yanamtazama kwa upole, kama mtu anayesikiliza hadithi nzuri. Jabali alimshika mkono uliobaki nje ya suti. Ulikuwa kama wa kuchongwa. Akauminya, haukuminyika. Akamwonyesha kidole cha kuuliza: uko sawa? Yule hakujibu, ila kile kifaa cha hewa kilikuwa kinaanza kulegea mdomoni, na povu linamtoka kwenye pembe ya midomo.

Jabali alikibana kifaa mdomoni mwa mwenzake kwa kiganja. Kwa mkono mwingine akavuta kamba, akavuta, akavuta, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Kamba ikakaza. Akamkumbatia, kifua kwa kifua, miguu imemzunguka, na hivyo ndivyo walivyopandishwa polepole kupita giza, kupita kizingiti, hadi kijani. Njia nzima hakuondoa kiganja mdomoni mwa mtu aliyekuwa akimwombea mtetemo.

*

Walimvua suti kwa kisu, wakamfunika mablanketi kibandani, karibu na jiko. Mzee Kamba alikuwa akimwita jina lake la kwao, lile halisi, na yule alikuwa akijibu kwa sauti ya mlevi, "Naam," bila kufungua macho.

Mlango ukafunguliwa. Mke wa Jabali aliingia anahema, kizibao mkononi. Alikuwa amekiona chini ya kiti alipofagia, akaupanda mlima nacho. Akasimama. Akaona tano ya mumewe imekatwa vipande sakafuni. Akaona mume wake amekaa pembeni, midomo imegeuka rangi, saba imempasuka begani. Hakuna aliyehitaji kumwambia lolote. Mpira aliujua kusoma kuliko watu wanavyosoma barua. Akampita, akapiga magoti kwa yule mgonjwa, akakiinua kichwa chake, akachukua kikombe cha maji ya moto na sukari.

"Kidogo kidogo. Usimeze kwa pupa."

Na hata hapo, nasema hata hapo, mtu amefufuka mbele ya macho yake, Jabali alipoona mkono wa mkewe umeshika shingo ile, kijiba kikamgusa tena. Wivu hauna macho, una kijicho tu. Hauoni mgonjwa, hauoni kaburi.

Mkewe, bila kumtazama, alivuta blanketi moja, akalirusha nyuma likamwangukia kichwani.

Baada ya muda mtetemo ulimrudia Maji Moto, mkubwa, meno yanagongana, na Mzee Kamba akapiga makofi kama aliyeona mtoto anasimama. "Piga ngoma, mwanangu! Piga hiyo ngoma!"

"Sh-shemeji," Maji Moto akasema. "Ulipobadilisha… ulisahau kwamba mimi ni mrefu?"

Mzee Kamba aligeuza uso wake polepole kwa yule mwanamke. "Hilo na mimi nilitaka kuliuliza. Miaka yote nimewashusha vijana kwa neno lako. Leo neno lako limekaribia kunitolea maiti. Ulikuwa na maana gani?"

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwa fundi. Alimtazama mumewe sasa, kwa mara ya kwanza tangu aingie, na Jabali alielewa kile ambacho hakukifikiri hata kidogo alipokuwa akisema "fundi kabadilisha". Yeye Jabali akinyamaza, mkewe hatakata mpira tena. Nani atamvalia suti? Atapita sokoni, watu watasema, ndiye yule. Na aliona pia kwamba mkewe hatamsaliti. Angelibeba kosa lile, angenyamaza, na wakifika nyumbani angefunga nguo zake na kwenda kwao, bila hata kupiga kelele ya vyombo.

Jabali akasimama, blanketi likaanguka.

"Hakubadilisha," alisema. "Alimpa yeye saba, mimi tano, na kizibao hicho. Nilidanganya. Nilimdanganya huyu, nikakudanganya wewe mzee, na nikatumia jina la mke wangu."

"Kwa nini?" Mzee Kamba aliuliza, kwa mshangao wa kweli. "Ulisikia baridi?"

"Nilisikia wivu."

Maji Moto alifumbua jicho moja. "Wivu wa nani? Wangu mimi? Kaka, mimi nina b-bukta na mbavu tu."

Mzee alitaka kucheka, akajizuia, akakohoa. Kisha akavua ule mkanda wa risasi kiunoni mwa Jabali kwa mikono yake mwenyewe. "Humwingizi mtu majini mpaka nikwambie. Nawe huingii. Msumeno uko chini, atauokota mwingine. Na mbele ya wote kesho utayasema haya haya, kwa sauti hii hii." Akageukia yule mwanamke, akainamisha kichwa. "Mama, nisamehe kwa swali langu."

Nje jua lilikuwa limetoka, halina kazi yoyote, linang'aa tu juu ya maji. Mkewe alitoka na suti iliyopasuka, akaketi kwenye gogo lililoelea kutoka chini na kuvutwa ukingoni. Akaupima mpasuko kwa vidole.

"Haishoneki," alisema. "Nitakata nyingine."

Jabali alisimama mbele yake. Aliyekuwa akipita bwawani anatanguliza kifua, sasa hakujua pa kuweka mikono.

"Utamkatia yeye."

"Yeye. Akipona atakuja nyumbani. Atavua shati, nitampima, na akisema jambo la kuchekesha nitacheka. Sitajiuma midomo ndani ya nyumba yangu. Na baada yake atakuja mwingine, labda mwenye kifua kweli. Sasa niambie wewe utakuwa wapi."

"Nitakuwa nimekasirika."

"Hilo najua."

"Sitakuongopea kwamba sitaona wivu. Nitaona. Hata sasa hivi, ulivyomshika shingo, niliona."

"Mgonjwa?"

"Mgonjwa."

Mkewe akamtazama kama anavyotazama mpira wenye kasoro, akitafuta mahali pa kukata na mahali pa kuacha. "Mtu angekufa, wewe mwanamume. Angekufa kwa kitu ambacho ungeweza kunitamkia mezani. Makelele tungepiga, sahani tungevunja, lakini asubuhi wote mngekuwa na nguo zenu."

"Najua."

"Hujui. Unajua kupiga mafumbo. Nimeshiba saba! Kwa nini hukuniambia, mke wangu, naogopa?"

Neno lile lilikuwa zito kuliko mkanda wote wa Maji Moto. Lakini Jabali alilisema.

"Naogopa," alisema. "Naogopa utaniacha."

Mkewe hakumkumbatia. Alisogea kidogo tu kwenye gogo, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana. Jabali akakaa. Kibandani meno ya Maji Moto yalikuwa bado yanasikika.

"Basi nipe neno," mkewe alisema. "Si la kwamba hutaona wivu, maana hilo ni la uongo. Nipe la kweli."

Jabali alivuta pumzi, na safari hii kifua chake kilikuwa na nafasi.

"Nakuahidi," alisema, kwa sauti kubwa kiasi cha kusikika hadi kibandani. "Siku nyingine wivu ukinipanda, utausikia kwa mdomo wangu, hapa nchi kavu, kabla sijagusa nguo ya mtu. Sitashuka nao majini tena."